Baada ya Filimbi ya Mwisho: Kweli na Uongo Kuhusu Kukamatwa Uwanjani Bujumbura

Mechi kubwa ikimalizika Uwanja wa Intwari, ule ambao wengi bado wanauita Prince Louis Rwagasore, mabaraza ya mitaa ya Buyenzi na Bwiza hujaa mawakili wasiosomea sheria. Kila mmoja anajua kitakachompata jirani aliyepakiwa kwenye gari la polisi. Tuyapime maneno yao.

"Polisi hawawezi kunishika zaidi ya saa 24."
Uongo, na ndio unaowaponza vijana kuliko wote. Nadhani tumeuokota kwenye redio na televisheni za majirani. Kenya wameuandika ndani ya Katiba yao ya 2010, ibara ya 49, na Tanzania nayo ina saa zake 24. Sheria ya Burundi inampa OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, siku 7 za kukuweka kasho (mahabusu), na kwa idhini ya mwendesha mashtaka zinaweza kuongezwa 7 nyingine. Wiki mbili nzima, kwa chupa moja iliyorushwa kutoka jukwaani! Anayegonga mlango wa kasho asubuhi ya pili akidai muda wake umekwisha anamchosha afande bure, na afande aliyechoshwa huandika PV (taarifa ya mahojiano) ndefu.

"Mpira ni mpira, hauna kesi."
Uongo. Februari 2018 timu ya Rais Pierre Nkurunziza, Haleluya FC, ilicheza Kiremba, mkoani Ngozi. Timu ya wenyeji ilikuwa na wachezaji wakimbizi kutoka Kongo ambao, kwa mujibu wa habari za wakati ule, hawakumtambua rais. Kila alipopata mpira walimvaa, akaanguka mara kadhaa. Mwezi uliofuata msimamizi wa tarafa na msaidizi wake walikamatwa, wakidaiwa kula njama dhidi ya rais. Angalia vizuri waliokamatwa: viongozi walioiandaa mechi. Wala haikuwa mechi ya ligi.

"Kukimbia mazoezi kwa kikundi hakuwezi kunifikisha mahakamani."
Nusu uongo. Bujumbura ni mji wa kukimbia. Jumamosi asubuhi vikundi hupanda vilima vikiimba. Lakini Machi 8, 2014, mbio za wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD ziligeuka mapambano na polisi. Upande wa mashtaka ulisema askari wawili walizuiliwa ndani ya makao ya chama. Machi 21, siku 13 tu baadaye, vijana 21 walihukumiwa kifungo cha maisha. Kesi ya uzito ule kumalizika kwa kasi ile, mimi siiiti haki. Mwezi huohuo jiji likaagiza wakimbiaji wa vikundi wabaki katika maeneo yaliyotengwa.

"Kumsukuma askari ni fujo tu."
Uongo. Ukimpinga askari kwa nguvu akiwa kazini unaweza kuandikiwa uasi, na kumtukana ni kosa jingine peke yake. Kelele za ushindi ni jambo dogo, ila mkono ukishagusa sare, faili linabadilika.

"Nikitoa kitu kidogo, yameisha."
Uongo. Faini ina risiti. Pesa inayopita kiganjani ni hongo, na sheria ya 2006 dhidi ya rushwa inamwadhibu anayetoa pamoja na anayepokea. Umeingia na kosa moja, unatoka na mawili.

"PV ikiandikwa Kifaransa, hainihusu."
Uongo wa hatari. Kiswahili tunakizungumza Buyenzi kutwa, lakini lugha rasmi za nchi ni Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Saini yako chini ya karatasi usiyoielewa itasomwa mbele ya hakimu kama maneno yako. Sema kwa upole: "Afande, naomba nisomewe kwanza." Una haki pia ya kunyamaza mpaka wakili wako afike.

"Serikali itanipa wakili."
Usitegemee. Wakili ni haki yako, lakini kwa kesi ya fujo za uwanjani utamlipa mwenyewe.

"Klabu italibeba kosa langu."
Hapana. Shirikisho la mpira huiadhibu klabu, na mahakama inakuhukumu wewe.

"Nikishangilia Dar, sheria ya kwetu inanifuata."
Uongo, na hili si la kubuni. Agosti 2024 Vital'O yetu ilicheza na Yanga ya Tanzania kwenye Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na hata mechi yake ya "nyumbani" ilipigwa Dar es Salaam, ikafungwa 4-0. Ukikamatwa huko, kwenye uwanja wa Chamazi, sheria ni ya Tanzania. Zile saa 24 za barazani, huko ndiko zilipo.

Kwa hiyo ndugu yako akikamatwa, usikae barazani kubishana. Uliza yuko kasho gani na andika tarehe aliyoingia. Siku ya nane nenda kamuulize OPJ iko wapi idhini ya mwendesha mashtaka.