Shetani wa Kinu cha Baltaragis

Haya, sogeeni. Leo twende Lithuania, nchi ya maziwa na vinamasi kaskazini mwa Ulaya.

Kilimani palikuwa na kinu cha upepo, mabawa yake yakizunguka na kusaga nafaka. Mwenye kinu, Baltaragis, alikuwa mpweke, na kazi ilimlemea. Shetani wa kinamasini, jina lake Pinčiukas, akamjia na mapatano: nitakusagia, nawe utapata mke, ila binti utakayemzaa atakuwa wangu. Baltaragis akakubali. Ni rahisi kuahidi mtoto ambaye bado hajazaliwa! Jurga akazaliwa, akakua, akawa mzuri kupita kiasi, na baba akaanza kutafuta ujanja wa kulikwepa deni.

Hadithi hiyo mwandishi Kazys Boruta aliichapisha mwaka 1945, akitumia ngano za mashetani walizosimuliana wanakijiji wa kwao. Kitabuni kuna sauti ya msimulizi, taratibu, kama mzee asiye na haraka. Sasa niambieni, sauti hiyo utaipigaje picha kwa kamera?

Mwongozaji Arūnas Žebriūnas aliamua watu waimbe. Katika filamu yake ya mwaka 1974, Velnio nuotaka, yaani Bibi Harusi wa Shetani, karibu kila neno linaimbwa. Muziki alitunga Viačeslavas Ganelinas, mpiga jazi, na maneno akaandika mshairi Sigitas Geda. Mtazameni Girdvainis, kijana mwenye farasi wa mbio anayekuja kumposa Jurga: uso ni wa mwigizaji Regimantas Adomaitis, lakini sauti ni ya mwimbaji Vytautas Kernagis. Na ajabu nyingine: anayeigiza shetani ndiye anayeitwa Girdvainis hasa, Gediminas Girdvainis!

Filamu inaanzia mbinguni. Malaika wanaasi, wanatupwa chini, na Pinčiukas ni mmoja wao. Nampenda Žebriūnas kwa hilo. Huzuni ya kitabu inayojengeka polepole imepungua, ni kweli, lakini tumepata shetani wa kuhurumiwa: kafukuzwa kwao, kafanya kazi ya kinu miaka na miaka, na siku ya malipo anazungushwa. Mimi kila nikimtazama nauliza, kati yake na Baltaragis, mdanganyifu ni nani?

Boruta hakuiona filamu hii. Alitiwa gerezani na utawala wa Kisovieti mwaka 1946, akafariki mwaka 1965. Nyimbo za kinu chake Walithuania wanaziimba hadi leo.