Kamera Iliyoketi Kijiweni: Amil Shivji na Filamu za Pwani

Watoto wetu wa Malindi na Kilifi hutazama filamu karibu kila siku, na nyingi hutoka mbali: India, Uturuki, Nigeria, Marekani. Pwani ikionekana humo, aghalabu huwa ni pambo tu: mchanga mweupe, tanga la jahazi, mwanamke wa buibui apitaye bila kutamka neno. Ndiyo maana kazi ya Amil Shivji, mwongozaji wa filamu kutoka Tanzania, inastahili kupimwa kwa makini na familia zetu.

Shivji ni mwana wa mwanazuoni wa sheria, Profesa Issa Shivji. Alisomea filamu katika Chuo Kikuu cha York nchini Kanada, kisha akarejea Dar es Salaam na kuanzisha kampuni yake, Kijiweni Productions. Jina hilo lenyewe ni msimamo. Kijiwe ni mahali wanapoketi wasio na ofisi, wakazungumza mambo ya dunia kama wazee wetu wazungumzavyo barazani.

Kazi zake za mwanzo zilibaki papo hapo. Katika filamu fupi ya Shoeshine, ya mwaka 2013, kijana mng'arisha viatu anaitazama jamii kutoka chini, miguuni mwa wateja wake. Mwaka 2017 ikatoka T-Junction, filamu ndefu iliyofungua Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi mjini Zanzibar. Humo Fatima, binti aliyefiwa na baba, anakutana hospitalini na Maria, ambaye anamsimulia maisha ya wachuuzi wa njia panda. Msiba wa nyumba moja unafunzwa na msiba wa mtaa mzima. Mwaka uliofuata, pamoja na Rebecca Corey, alitoa Wahenga, filamu ya hali halisi kuhusu muziki wa zamani wa Tanzania.

Kazi iliyomtangaza zaidi ni Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, ikapata Tanit ya Dhahabu huko Carthage, Tunisia, na Tanzania ikaiteua kuwania Oscar. Nchi hiyo haikuwa imepeleka filamu huko tangu Maangamizi, mwaka 2001. Yote hayo yamepatikana kwa filamu ya Kiswahili kuhusu Unguja ya miaka ya 1950, ambamo Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa bila hiari, anatoroka ndoa na kumpenda Denge, kijana anayepinga ukoloni.

Uzuri wa filamu hii uko katika subira yake. Kamera inakaa vichochoroni, kwenye baraza na ndani ya vyumba vyenye mwanga hafifu, mpaka mtazamaji wa Shela au Mnarani ahisi yuko kwao. Siti Amina, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, anaigiza Mwajuma kwa uhai usiohitaji maelezo. Lugha haikupunguzwa ukali wala kulainishwa kwa ajili ya wageni.

Hata hivyo, sifa zisitufumbe macho. Shivji ana hoja za kisiasa, na mara nyingine wahusika wake huzibeba hoja hizo kama mabango. Katika Shoeshine, baadhi ya wateja ni vielelezo vya matabaka kuliko kuwa watu. Katika Vuta N'kuvute, riwaya inayovuka bahari hadi Mombasa imebanwa katika dakika 92, na safari ya moyo wa Yasmin imekuwa fupi kuliko ilivyo kitabuni. Picha inapendeza mno mahali ambapo uchungu ulipaswa kutuchoma.

Liko pia swali linalotuhusu sisi wazazi. Filamu ina mahaba nje ya ndoa, nasi hatuwezi kuyapamba. Mzazi na aitazame kwanza, kisha aamue ni nani nyumbani mwake aliyefikia umri wa kuiona. Lakini tukiishia kulaumu utoro wa Yasmin, tutakuwa tumeruka chanzo chake. Dini yetu haikunyamaza kuhusu jambo hili: Bibi Khansa bint Khidam alipoozwa na baba yake bila ridhaa, alimwendea Mtume (s.a.w.), naye akaivunja ndoa ile. Yasmin hakuwa na mtu wa kumwendea. Nyumba iliyoziba mlango wa ridhaa haiwezi kushangaa binti akipita dirishani. Shivji hakutoa fatwa. Alituonyesha dirisha lilivyo wazi.

Kwa vijana wetu wenye simu mkononi na hamu ya kurekodi, njia yake ina mafunzo ya wazi. Alianza na filamu fupi, akawatazama watu wa karibu, akatumia lugha yao, na hakungoja kampuni kubwa imwite. Wavuvi wa Malindi, wachuuzi wa mnazi na kina mama wa mkeka wana visa vya kutosha. Vikisimuliwa na watoto wao wenyewe, kwa adabu na kwa ukweli, yule mwanamke wa buibui hatapita tena kimya kwenye picha ya mtu mwingine. Atasimama, naye atasema.