Mbona Kuku Hupona Uziwi na Sisi Hatuponi?

Huenda umesikia kwa redio au umetumiwa kwa simu habari ya kwamba wanasayansi wamepata dawa ya kufufua sikio lililokufa. Wazazi wenye watoto viziwi wanauliza: je, tungoje dawa hiyo? Hebu tuitazame polepole, maana ndani yake kuna ukweli na kuna chumvi nyingi.

Kwanza sikio lenyewe. Sauti huingia kwa tundu, ikagonga kiwambo, nacho kikasukuma vifupa vitatu vidogo. Vifupa hupeleka mtikisiko ndani zaidi, kwenye mfereji uliojaa maji na kujiviringa kama gamba la konokono. Humo ndimo mna chembe hai zenye vinywele juu yake. Si nywele kama za kichwani. Huwezi kuziona bila hadubini. Maji yakitikisika, vinywele huinama kama mtama upepo ukipita, na chembe hutuma habari kwa neva mpaka kwenye ubongo. Hapo ndipo tunasema tumesikia.

Mtu huzaliwa na chembe hizo kama 15,000 tu katika kila sikio. Ngozi ikichunika huota, mfupa ukivunjika huunga, lakini chembe hii ikifa basi imekufa. Huuawa na kelele, kama ya fundi wa jua kali anayegonga mabati kutwa au ya kinu cha posho. Uzee pia huziua, na homa ya uti wa mgongo. Halafu kuna dawa fulani za sindano: streptomaisini, kanamaisini, jentamaisini. Kifua kikuu sugu kilitibiwa miaka mingi kwa kanamaisini, na kuna wagonjwa waliopona kifua wakabaki viziwi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri sindano hiyo isitumiwe tena kwa ugonjwa huo. Jentamaisini bado inaokoa watoto wachanga wengi, kwa hivyo usimkatalie daktari. Mwulize tu kipimo ni gani na ni ya siku ngapi.

Sasa tuje kwa kuku. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliharibu masikio ya vifaranga kwa kelele kali, wakangoja. Baada ya siku kadhaa waliona jambo ambalo hawakulitazamia: chembe mpya zinaota! Mwaka 1988 makundi mawili, moja likitumia vifaranga na lingine kware waliokomaa, yalieleza kwamba chembe jirani, zile zinazoshikilia chembe za kusikia, hugawanyika na kutoa chembe mpya. Samaki na vyura pia wanaweza.

Sisi, kama ng'ombe na panya, tunazo chembe jirani hizo hizo, ila kwetu zimelala. Kazi yote ya watafiti tangu hapo ni kutafuta namna ya kuziamsha. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitia jeni iitwayo Atoh1 katika masikio ya wanyama wadogo wa maabara waliofanywa viziwi, na chembe mpya zikatokea. Mwaka 2013 wengine kule Boston walitumia dawa kwa panya walioharibiwa na kelele, nao wakapata nafuu kidogo ya kusikia.

Ilipofika zamu ya binadamu, mambo yakawa magumu. Majaribio ya jeni ya Atoh1 kwa watu yalianza Marekani mwaka 2014, lakini hayakuleta tulichotumaini. Mwaka 2023 kampuni ya Frequency Therapeutics ilitangaza kwamba dawa yake haikushinda dawa bandia, ikaiacha. Mwaka 2024 matokeo ya jaribio lililofanywa Uingereza, Ujerumani na Ugiriki yalionyesha kwamba dawa haikuwa na madhara makubwa, lakini haikufikia lengo la kurudisha usikivu.

Mbona ni kazi hivyo? Kuota si kutosha. Konokono la sikio limepangwa kama vibao vya kinanda: sauti nyembamba mwanzoni, nzito mwishoni. Chembe mpya sharti ikae mahali pake, vinywele vyake vielekee upande unaofaa, na ishikane na neva. Tena jirani akigeuka kuwa chembe ya kusikia, nani atabaki kuishikilia?

Basi zile habari za watoto waliosikia zilitoka wapi? Ni za kweli. Mwaka 2024 madaktari wa Shanghai walieleza kwamba watoto sita waliozaliwa viziwi kwa kasoro ya jeni ya OTOF walitiwa jeni nzima, na watano wakaanza kusikia. Lakini watoto hao chembe zao zilikuwa hai. Zilikosa tu protini moja ya kupitisha habari. Mtoto ambaye chembe zake zimeuawa na homa au sindano hasaidiwi na dawa hiyo.

Kwa hivyo mzazi asingoje. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe masikio mara tu anapopata nguvu, maana baada ya homa hiyo konokono linaweza kujaa mfupa, na hapo hata kile kifaa cha kupandikiza ndani ya sikio hakiingii. Bei ya kifaa hicho ni ya kuuza shamba, najua. Lugha ya ishara haiuzwi shamba, nayo mtoto huishika upesi akianza mapema, na jamaa zake wakijifunza pamoja naye. Anzia kwa kituo cha EARC kilicho karibu nawe, wakupimie na kukuelekeza shule.

Usisahau pia kwamba si kila asiyesikia amekufa chembe. Wengine wamezibwa na nta, wengine wana usaha wa miaka, na hayo hutibiwa. Na mtu akikuuzia matone ya kuotesha chembe, mwulize yatapitaje kiwambo. Hata baadhi ya dawa za majaribio nilizozitaja zilidungwa na daktari kwa sindano kupita kiwambo hicho.