Usiku wa Saa Kumi: Taa za Krismasi za London

Msomaji aliyezaliwa katika pwani yetu, ambako jua hutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima kana kwamba limefunga ahadi na waadhini, hawezi kuzifahamu taa za Krismasi za London mpaka kwanza afahamishwe giza lake. Katikati ya Desemba jua la mji ule, likijaliwa kuonekana, huchomoza saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri, hata karani atokaye kazini saa kumi na moja hukuta usiku umekwisha komaa. Mwenye kulijua giza hilo hatastaajabu kusikia kwamba watu huacha nyumba zenye moto, wakajitatia makoti na skafu, wakenda kusimama njiani katika baridi kutazama taa tu.

Desturi yenyewe si kongwe kama wengi wadhanivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia London ilizimishwa taa kwa amri, ili ndege za Wajerumani zikose alama ya kulenga. Na amani iliporejea iliukuta mji umebomoka na mfuko wake mwepesi. Mwaka 1954 wenye maduka wa Regent Street waliutundikia mtaa wao taa za sikukuu, na jirani zao wa Oxford Street wakafuata mwaka 1959. Sitamficha msomaji kwamba nia ilikuwa tijara: mnunuzi huvutwa na nuru kama kumbikumbi, na ukata ulipoingia katika miaka ya 1970 taa zile zilikaa miaka kadhaa bila ya kuwashwa, kwani mwenye duka akifunga mkoba wake, hata malaika hukaa gizani.

Malaika nawataja kwa sababu wamo. Mgeni ashukiaye stesheni ya Oxford Circus jua likiisha kutua, akateremka Regent Street kwa miguu kuelekea kusini, atawaona juu ya kichwa chake, wakubwa kuliko mabasi mekundu ya ghorofa yapitayo chini yao, mbawa zao za nuru zikitanda juu ya njia. Nao walianza kutundikwa hapo mwaka 2016. Mtaa unapokaribia Piccadilly Circus hujipinda kama upinde, jinsi alivyouchora mjenzi John Nash katika karne ya 19, na pinda hilo ndilo tamu ya matembezi yote, maana malaika hawajitokezi wote kwa pamoja bali mmoja baada ya mmoja. Hakuna kiingilio wala tikiti. Ila mtu asiichague siku yenyewe ya tarehe 25, maana siku hiyo treni za chini ya ardhi na mabasi ya mji hayatembei kabisa.

Mbele ya Piccadilly Circus ipo Coventry Street, mtaa mfupi ambao huenda ukampendeza msomaji wa Unguja au Mombasa kwa sababu nyingine: hapo, mwaka 2023, ziliwashwa kwa mara ya kwanza taa za Ramadhani, miezi na nyota juu ya njia, na Meya Sadiq Khan ndiye aliyeziwasha.

Nusu saa baada ya kutoka Oxford Circus, kwa mtu asiye na haraka, njia humfikisha Trafalgar Square, penye mti mmoja uliosimama peke yake. Ni mti wa jamii ya msonobari, mrefu zaidi ya mita 20, aghalabu wenye umri wa miaka 50 au kupita, ambao wakata-miti wa Norwei huuita malkia wa msitu. Wajerumani walipoivamia Norwei mwaka 1940, Mfalme Haakon VII na serikali yake walipata hifadhi London. Na tangu mwaka 1947 mji wa Oslo hauachi kuleta mti kila mwaka kuwa shukrani ya hisani ile. Hukatwa Novemba, ukavuka bahari, ukawashwa Alhamisi ya kwanza ya Desemba. Taa zake ni nyeupe, huteremka wima kwa desturi ya kwao, wala hazina mbwembwe. Na watu wa London, wasiokosa ulimi, hawaishi kulalamika kwamba mti umekonda. Mimi huo ndio niliouona bora. Malaika wa Regent Street humwangalia mpita njia mfukoni, ilhali mti huu haumuuzii mtu kitu, na waimbaji husimama chini yake jioni wakiimba nyimbo za sikukuu na kuchangisha fedha za sadaka.

Karibu na tarehe 6 Januari mti hushushwa, ukasagwa vipande vipande, navyo vikatandazwa chini ya mimea ya bustani.