Mkongwe wa Gita Hapimwi kwa Santuri

Wapenzi wa zilipendwa wakikutana Voi, Mwatate au Wundanyi, katika Kaunti ya Taita Taveta, hawakawii kufika kwenye ubishi mmoja. Mpiga gita aliyevuma miaka ya sitini na sabini, akipanda jukwaani sasa akiwa mzee, apimwe vipi? Wapo wanaosema vidole vimechoka, mwendo wa wimbo umeshushwa, na ile solo iliyowafanya watu wanunue santuri haisikiki tena. Wengine huwajibu kwamba mzee ni mzee, apigiwe makofi na mambo yaishe. Majibu hayo yana huruma, lakini ukiyachunguza utaona yamekwisha kukubali shtaka: kwamba mzee yuko chini ya santuri yake, ila tumsamehe. Hoja ya makala haya ni kwamba mizani yenyewe ina kasoro. Santuri haikuwahi kuwa picha kamili ya kile mpiga gita alichokuwa akikifanya hata siku za ujana wake, na anayeitumia kumhukumu mkongwe huishia kumlaumu kwa mambo yasiyo yake na kumsamehe yale ambayo kweli angepaswa kuulizwa.

Kaunti ya Taita Taveta ina mfano wake nyumbani. Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa huko mwaka 1938, aliurekodi wimbo wa Malaika akiwa na kundi la Jambo Boys mnamo 1960. Mwaka 1963 ukarekodiwa tena Nairobi na Equator Sound Band, bendi ya studio ya Charles Worrod ambayo ilikuwa na watu kama Daudi Kabaka na Fadhili mwenyewe. Baadaye Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka kwenye santuri yao ya 1965, na Boney M wakautoa mwaka 1981. Nani hasa aliutunga ni kesi nyingine, maana Adam Salim wa Tanzania na Grant Charo nao wametajwa kwa nyakati mbalimbali. Linalotuhusu hapa ni kwamba wimbo huo ulibadilika ndani ya miaka mitatu tu, ukipita mikononi mwa mtu ambaye hata miaka thelathini hakuwa ameifikisha. Mashabiki hawakulalamika kwamba Fadhili wa 1963 amemsahau Fadhili wa 1960. Kijana akibadilisha wimbo wake husifiwa kwa ubunifu. Mzee akifanya hivyohivyo huambiwa amepoteza kumbukumbu.

Tukumbuke pia santuri ilivyotengenezwa. Upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 ulichukua kama dakika tatu au nne za muziki. Wimbo mrefu ulilazimika kukatwa, nusu yake upande wa kwanza na nusu upande wa pili, na msikilizaji akainuka kuigeuza santuri pale utamu ulipoanza kukolea. Studioni, mpiga gita alipewa nafasi yake kwa hesabu ya dakika, na akikosea walianza upya. Dansini mambo yalikuwa tofauti kabisa. Wimbo uleule ulichezwa kadiri wachezaji walivyotaka, solo ikarefushwa, kiitikio kikarudiwa, gita la pili likajibu la kwanza hadi jasho liwatoke watu. Kwa hiyo tunayoiita solo ya asili ilikuwa muhtasari wa usiku mzima. Mkongwe anayeirefusha, anayeikatiza au anayeanza na kibwagizo kingine hajaiharibu. Huenda anafanya alichokifanya sikuzote pale ambapo mashine ya kurekodi haikuwapo.

Halafu kuna hesabu ya mikono. Muziki wa dansi wa Afrika Mashariki haukujengwa juu ya gita moja. Solo hutembea juu ya rithimu, rithimu huegemea besi, na mara nyingi huwapo gita la nne linalojaza mianya. Sauti tunayoikumbuka kama ya fulani ilitoka kwa watu wanne au watano waliofanya mazoezi pamoja kila wiki. Maroon Commandos ni ushahidi mzuri. Bendi hii ya jeshi, iliyoanzishwa mwaka 1970 katika kikosi cha saba cha Kenya Rifles, ilipata ajali mbaya ya barabarani mwaka 1972 na kupoteza wanamuziki. Mwaka 1977, chini ya Habel Kifoto, ikatoa Charonyi ni Wasi, wimbo wa Kitaita uliopendwa na Wakenya wengi ambao hawakujua hata neno moja la lugha hiyo. Kifoto alifariki mwaka 2011, na bendi haikufa naye. Kilichoibeba miaka yote hiyo ni kambi, mshahara, vyombo na ratiba ya mazoezi. Mpiga gita wa kiraia hana hayo. Akialikwa Voi, mara nyingi hupangiwa vijana ambao hajawahi kucheza nao. Wenye hoteli na baa wengi nao, kwa sababu bendi nzima ni gharama, humtaka mtu mmoja, gita moja na kinanda chenye midundo iliyokwisha kupangwa. Ndiyo hiyo wan-man gita iliyoenea Kenya. Kisha shabiki anarudi nyumbani akisema mzee hana tena ule mpigo, ilhali kilichokosekana ni mpiga rithimu.

Yapo pia mambo ya mwili ambayo wasikilizaji wengi huyatafsiri vibaya. Mwimbaji anayezeeka mara nyingi hawezi kuzifikia sauti za juu alizoimbia ujanani, hivyo wimbo hushushwa. Kwa mpiga kinanda hilo ni jambo dogo, lakini kwa mpiga gita ni kama kuhama nyumba. Nyuzi zilizolia wazi bila kubanwa sasa hazifai tena, vidole vinatafuta mahali pengine shingoni, na kibwagizo kilekile kinatoka na mlio mwingine. Kibano kinachofungwa kwenye shingo ya gita huweza kupandisha sauti, hakiwezi kuishusha. Anaweza kulegeza nyuzi zote, lakini hapo hupoteza ukali wa mlio. Msikilizaji husikia tofauti na kudhani ni usahaulifu, kumbe ni uamuzi wa fundi. Kasi hupungua, hilo halikanushiki. Ila kasi ni sehemu moja tu ya ufundi: kujua lini usipige, lini umwachie besi, na uzito gani uipe noti ya mwisho ni mambo yanayoweza kukomaa wakati vidole vinapokawia.

Nje ya Taita upo ushahidi kwamba kumsikiliza mkongwe bila kumpima kwa santuri yake ya zamani kunalipa. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyepiga gita peke yake kwa dole gumba na kidole cha shahada, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kwenye santuri za mizunguko 78, zenye ufinyu uleule wa dakika tatu. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1982, alirekodi tena. Mwenye kusikiliza za mwanzo peke yake anamjua nusu tu. Kundi la Kékélé nalo, lililoundwa Paris mwaka 2000 na wakongwe wa Kongo wakiwemo wapiga gita Papa Noël na Syran Mbenza, liliacha makusudi mbio za soukous na kurudi kwenye rumba ya taratibu kwa magita yasiyo ya umeme. Lilipendwa na kuzunguka dunia bila kujifanya la vijana.

Shabiki mwenye tiketi mkononi atauliza: mimi nimelipa nisikie ninachokijua, hilo nalo ni kosa? Si kosa, na msanii anayeukwepa wimbo wake maarufu hatendi haki. Lakini kuupata wimbo na kuipata nakala ya santuri ni mambo mawili, na nakala anayo nyumbani, kwa bei nafuu zaidi. Swali la pili ni zito zaidi: je, hakuna wakati ambapo mzee hawezi kweli? Upo. Mpiga gita wa blues B.B. King, akiwa na miaka 88, alizomewa na baadhi ya wasikilizaji St. Louis mwezi Aprili 2014 kwa kuongea zaidi ya kupiga. Alisimamisha maonyesho mwezi Oktoba mwaka huohuo, akafariki mwaka uliofuata. Kukubali hilo hakuidhoofishi hoja. Gita lisilosawazishwa nyuzi, wimbo usiofanyiwa mazoezi, au mtu anayechezesha midomo juu ya kanda ni makosa ya kulaumiwa, na yanalaumika kwa kijana vilevile. Hayo ndiyo ya kuuliza, badala ya kuhesabu noti zilizopungua.

Kuna wanaosema pia kwamba kazi mpya za wakongwe wakiwa peke yao hazifikii za bendi, basi waziache. Fadhili William aliishi Marekani miaka mingi, na hata aliporudi Kenya mwishoni mwa miaka ya tisini, alichoulizwa kwanza ni Malaika. Mtu ambaye kila jukwaa linamdai wimbo mmoja hana nafasi ya kuthibitisha kwamba ana mwingine. Tukisema kazi yake mpya ni dhaifu, tuwe kwanza tumeisikiliza.

Basi anayemwalika mkongwe Taita Taveta, iwe ni kaunti, hoteli au kamati ya harusi, ana wajibu ulio wazi: ampe mpiga rithimu na mpiga besi, awape siku mbili za mazoezi, amwachie achague ufunguo, na amrekodi vizuri. Mpiga gita mwingine mkongwe, Fundi Konde, alifariki Juni 2000, Fadhili William Februari 2001, Daudi Kabaka Novemba mwaka huo. Chini ya miezi kumi na minane, watatu walikuwa wameondoka. Ubishi kuhusu nani amepungua unaweza kungoja. Mazoezi na kurekodi haviwezi.