Mchezaji mwenye njaa hupatwa na mafua upesi

Vijana wengi hutoka shambani na kwenda uwanjani bila kula, kisha hulala na njaa. Mazoezi makali humaliza akiba ya wanga mwilini. Akiba ikiisha, mwili hutoa homoni ya kotisoli kwa wingi, nayo hudhoofisha chembechembe nyeupe za damu ambazo ndizo askari wetu dhidi ya maradhi.

Kinga hiyo hainunuliwi kwa vidonge. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji mashuhuri wa Kenya ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya nguvu zao ilitokana na wanga, hasa ugali na sukari. Kwa familia za Hasamba, wilayani Mbozi, mahindi na maharage ni mazao ya nyumbani. Basi tuzingatie haya:

1. Saa mbili kabla ya mazoezi, ale viazi, ndizi au kiporo kilichopashwa moto vizuri.

2. Akirudi tu, apewe uji wa maziwa au karanga. Usiku ale ugali, maharage na mboga za majani. Limau au chungwa husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai huyazuia, hivyo inywewe baadaye.

3. Kila mchezaji awe na chupa yake ya maji, na anawe mikono kwa sabuni.

4. Anayefunga Ramadhani asiache daku, na mazoezi makali yawe baada ya futari.

Mwenye homa asicheze. Apumzike na akapimwe malaria.