Kuni Chache, Chakula Kile Kile

Watu wengi hudhani kwamba kuhifadhi misitu ni kazi ya askari wa misitu peke yao. Lakini miti mingi huishia mekoni, na mpishi aweza kuiokoa kwa mazoea madogo yasiyogharimu hata senti moja.

Kwanza, maharagwe na mahindi makavu ya githeri yalowekwe tangu jioni. Punje iliyokwisha kunywa maji huiva upesi. Pili, kuni zipasuliwe nyembamba na kuanikwa hata zikauke. Ukuni mbichi hupoteza joto lake kwa kukausha maji yaliyomo ndani yake, na moshi wake huumiza macho na kifua cha mpishi na watoto walio karibu. Tatu, sufuria ifunikwe, kwa maana mvuke utokao ni joto lipotealo. Chakula kikisha kuchemka, kuni zipunguzwe. Maji yatokotayo kwa nguvu hayana joto kuliko yatokotayo polepole. Mwisho, vijinga vizimwe kwa mchanga na kuwekwa akiba.

Naye apikaye kwa makaa yafaa atumie jiko la bati lenye udongo wa kuchoma ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Udongo huo huzuia joto lisipotee ubavuni.

Mzigo wa kuni uliotosha siku mbili ukifikishwa siku tatu, safari tatu za msituni zawa mbili. Mama hupumzisha mgongo wake, na mti hupata nafasi ya kukua.